MSIMAMIZI ANAYETAKA UFUNGUO WA CHUMBA: HISTORIA FUPI YA MAGEMU, WIZI NA LINUX

Najua nimekuwa kimya, lakini si mnajua wenyewe, testi tatu na presentesheni mbili zikigongana wiki moja mtu anasahau hata jina lake. Leo naleta historia. Si ile ya Mkutano wa Berlin wala vita vya Maji Maji, ambayo Mungu akipenda nitakwenda kuifundisha nikimaliza hapa. Ni historia ya jambo linalobishaniwa pale hosteli kwetu karibu kila Jumamosi: kwa nini magemu mengi ya kucheza na watu kwenye intaneti yanaikataa kompyuta yenye Linux?

Jibu la kijiweni siku zote ni fupi: "Linux haiwezi." Mimi nasema jibu hilo si sahihi, na nitalipinga kwa miaka na matukio kama tunavyofundishwa. Linux iliweza zamani, ikaweza tena juzijuzi, na kwenye magemu kadhaa inaweza hadi leo. Mlango umefunguliwa na kufungwa zaidi ya mara moja, na mara nyingi waliofunga walikuwa watu waliokaa mezani wakaamua.

Kabla hujasema "aah, mambo ya magemu hayo", subiri kidogo. Wengi wetu hapa kampasi hatutumii Linux kwa ushabiki. Tuna laptopu za mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida ya bure, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Ukiweka Linux, mashine inafufuka. Mwenzangu wa chumbani alinunua gemu moja (sitalitaja) kwa hela ya boom, akalicheza kwenye Linux yake miezi kadhaa bila shida. Siku moja likasasishwa, likagoma. Hela haikurudi. Na kibaya zaidi, hakuwa ameiba chochote. Kwa hiyo hapa tunaongelea mali ya mtu na jina la mtu, sio utoto.

TUANZIE MBALI KIDOGO

Linux ilianzishwa na mwanafunzi kama mimi na wewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa na miaka 21 na akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha. Kiini ndicho mafundi wanachokiita keneli. Ni ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, inayoongea na vifaa, inayoona kila kitu. Torvalds alikitoa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukisoma, kukibadilisha na kukigawa. Shikeni jambo hilo, maana ndipo ugomvi wote wa baadaye unapotokea. Kwenye Linux mwenye kompyuta ana neno la mwisho hadi kwenye kiini.

Na sio kitu kigeni sana kwetu. Miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux wa kuleta programu huria kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice. Kwa hiyo wanaosema Linux ni mambo ya Wazungu watulie.

Shida ni kwamba magemu mengi yaliandikwa kwa ajili ya Windows. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Wine, ambao tangu 1994 unaongozwa na Alexandre Julliard. Wine ni mkalimani. Gemu likisema kwa lugha ya Windows "nifungulie faili hili", Wine inaigeuza kauli hiyo kuwa ya Linux, jibu linarudi, gemu halijui kama liko ugenini. Hakuna kinachoibiwa hapo. Ni ukalimani tu.

WIZI UNAINGIA, NA WALINZI NAO

Magemu ya mtandaoni yalipokua, wizi nao ukakua. Kuna programu inayokulengea bunduki yenyewe, wewe unabonyeza tu. Kuna inayokuonyesha adui aliyejificha nyuma ya ukuta. Wanaocheza wanajua inavyouma. Ni kama umekesha wiki mbili unasoma, halafu jirani yako kwenye chumba cha mtihani ana nondo ndani ya soksi na anapata A.

Ndipo wakaja walinzi, yaani programu za kugundua wizi. Mwaka 2000 Mmarekani Tony Ray, aliyekuwa amechoshwa na wezi kwenye gemu alilokuwa analipenda, alitoa PunkBuster ya kwanza kwa ajili ya Half-Life. Kampuni yake ni Even Balance. PunkBuster ilikagua kumbukumbu ya kompyuta kutafuta alama za programu za wizi, na ilikuwa inaweza hata kupiga picha ya skrini yako na kuituma kwa mwenye seva. Mwaka 2002 Valve nao wakaleta mlinzi wao, VAC, kwenye Counter-Strike.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2003 lilitoka gemu la bure linaloitwa Wolfenstein: Enemy Territory. Lilikuwa na toleo la Linux, na PunkBuster ilifanya kazi humo. Yaani zaidi ya miaka 20 iliyopita mtu wa Linux na mtu wa Windows walikuwa wanaingia seva moja, wanakaguliwa na mlinzi mmoja, wanapigana. Anayesema "haiwezekani" amechelewa kwa miongo miwili.

Tatizo la kwanza kubwa lilikuja mwaka 2006. Watu wa Linux walikuwa wanacheza World of Warcraft kwa kutumia Cedega, mkalimani wa kulipia aliyetokana na Wine. Mwezi Novemba mlinzi wa gemu hilo, Warden, aliwakuta kwenye mazingira asiyoyafahamu, akadhani ni wezi, na akaunti zao zikafungwa. Walilalamika, Blizzard wakachunguza, wakakubali kwamba haikuwa haki, akaunti zikarudishwa. Ni sawa na msimamizi kumtoa mtu nje ya mtihani kwa sababu ana kalamu ambayo hajawahi kuiona.

MLINZI ANASHUKA NGAZI

Wezi hawakulala. Waliona mlinzi anakaa ngazi moja na gemu, wakashuka chini yake, wakaandika programu za wizi zinazokaa kwenye kiini. Aliye kwenye kiini anaweza kumdanganya kila aliye juu yake, akiwemo mlinzi. Basi walinzi nao wakashuka. Hii ndiyo hatua iliyobadilisha kila kitu.

Nawapa mfano wa mtihani, fani yetu hii. Kuna namna tatu za kuzuia watu kudesa. Ya kwanza, unasahihisha kwa makini, ukiona majibu mawili yanafanana hadi makosa ya herufi unajua kuna kitu. Ya pili, unaweka msimamizi ndani ya chumba cha mtihani. Ya tatu, msimamizi anakuja kuhamia chumbani kwako hosteli, anapewa ufunguo, anakaa hapo tangu unapoamka, hata siku ambayo huna mtihani. Mlinzi wa kwenye kiini ni hiyo ya tatu. Vanguard ya Riot Games, iliyokuja na gemu la Valorant mwaka 2020, sehemu yake ya kiini inaanza kufanya kazi tangu Windows inapowaka, kabla hujafungua gemu lenyewe.

Jamani, aliyepewa ufunguo naye ni binadamu. Mwaka 2013 kule Marekani ligi ya magemu ya ESEA ilikamatika. Mfanyakazi wake alikuwa ameitumia programu yao ya ulinzi kuchimba bitcoin kwa siri kwenye kompyuta za wateja, kama 14,000 hivi. Jimbo la New Jersey likaingilia na kampuni ikakubali suluhu ya dola milioni 1. Mwaka 2016 Capcom walisasisha Street Fighter V kwa draiva ya kuzuia wizi ambayo ikaacha tundu la hatari kwenye kiini cha Windows, wakairudisha haraka baada ya watu kupiga kelele. Mwaka 2022 watafiti wa Trend Micro walieleza jinsi wahalifu walivyoitumia draiva ya ulinzi ya gemu la Genshin Impact kuzima programu za kuzuia virusi kabla ya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Mwenye kompyuta hakuhitaji hata kuwa na gemu hilo. Wahalifu walikuja nayo wenyewe.

Na tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima iliona. Sasisho baya la CrowdStrike, ambayo si ya magemu bali ya usalama wa maofisi, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Ndege zilisimama, benki zikakwama. Kwa nini kosa dogo likawa kubwa hivyo? Kwa sababu programu ilikuwa inafanya kazi kwenye kiini. Kosa la huko ndani haliangushi programu moja, linaangusha nyumba nzima.

MLANGO UNAFUNGULIWA

Wakati hayo yanaendelea, Valve, wenye duka la magemu la Steam, walikuwa wameanza kuigeukia Linux. Mwaka 2012 bosi wao Gabe Newell aliisema vibaya Windows 8 hadharani, akiogopa Microsoft watafunga soko. Mwaka 2013 Steam ikaja kwenye Linux. Agosti 2018 wakatoa Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa nguvu na kuwekwa ndani ya Steam yenyewe. Hukuhitaji tena ufundi. Unabonyeza, gemu la Windows linawaka kwenye Linux.

Kilichobaki ni walinzi. Baadhi yao walikuwa wanaongea na kiini moja kwa moja bila kupita kwa mkalimani, na mambo yanavurugika. Unajua kilichotokea? Kiini cha Linux chenyewe kilibadilishwa. Toleo la 5.11 la Februari 2021 liliwekewa njia ya kumsaidia mkalimani kuzidaka kauli hizo.

Halafu Julai 2021 Valve wakatangaza Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi inayotumia Linux. Ghafla kukawa na biashara mezani. Tarehe 23 Septemba 2021 Epic Games walitangaza kwamba mlinzi wao, Easy Anti-Cheat, ambaye kwa bahati naye asili yake ni Finland, sasa anaunga mkono Linux na Proton. Kesho yake BattlEye wa Ujerumani nao wakasema hivyohivyo. Sharti lilikuwa moja: mwenye gemu akubali. BattlEye walipokamilisha kazi, Valve walieleza kwamba mwenye gemu anatakiwa tu kuwasiliana na BattlEye. Kuwasiliana tu, wadau! Desemba 2021 ARK: Survival Evolved na Mount & Blade II: Bannerlord walikuwa wa kwanza kupita kwa njia hiyo. Machi 2022 Apex Legends wakafungua.

Kumbe inawezekana, eeh?

MLANGO UNAFUNGWA TENA

Miongoni mwa waliokataa hadharani walikuwa Epic haohao. Februari 2022 Tim Sweeney alisema Fortnite haiji kwenye Steam Deck, kwa sababu hawana uhakika wa kupambana na wezi kwenye mfumo ambao kila mtu anaweza kuwa na kiini alichokitengeneza mwenyewe. Aliyemfungulia mwenzake mlango akakataa kupita yeye.

Mei 2024 League of Legends, ambalo watu walikuwa wanalicheza kwa Wine kwa miaka mingi, likawekewa Vanguard, na habari ikaishia hapo. Septemba 2024 Rockstar wakaweka BattlEye kwenye GTA Online, watu wa Steam Deck wakajikuta nje. Ni BattlEye yuleyule aliyekwisha kusema tangu 2021 kwamba Proton inaungwa mkono. Tarehe 31 Oktoba 2024 Apex Legends, waliokuwa wamefungua miaka miwili na nusu nyuma, wakafunga. Oktoba 2025 Battlefield 6 likatoka likidai kompyuta iwashwe kwa utaratibu maalumu wa usalama, pamoja na mlinzi wa kiini. Linux haikuwemo.

Mwanahistoria hatakiwi kusikiliza upande mmoja, kwa hiyo niwape haki yao. Watu wa Apex walisema wezi walikuwa wanaitumia Linux kama kichochoro, na ni vigumu kumtofautisha mwizi na mchezaji halali. Hoja hii ina uzito. Kiini kinachobadilishika ni zawadi kwa mwenye kompyuta, na mwizi naye ni mwenye kompyuta. Pia kuna hesabu. Kwenye takwimu za Steam, Linux ilivuka asilimia 3 ya watumiaji mwezi Oktoba 2025 kwa mara ya kwanza. Ukiwa meneja, ukaambiwa uajiri watu wa kulinda mlango unaopitiwa na watatu kati ya mia, utafikiria mara mbili. Mimi pia ningefikiria.

Lakini tazama upande wa pili. Helldivers 2, la mwaka 2024, lina GameGuard, mlinzi wa Kikorea ambaye kwenye Windows anakaa kwenye kiini, na bado linachezeka kwa Proton. Marvel Rivals lilipotoka Desemba 2024, wachezaji wanaotumia wakalimani walifungiwa kimakosa kama wale wa 2006. Januari 2025 NetEase wakaomba radhi na kuwafungulia. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina matoleo yao ya Linux kabisa. Kwa hiyo mashine ni zilezile na Proton ni ileile, ila maamuzi ndiyo yanayotofautiana.

SASA TUSEMEJE?

Naona swali la miaka yote hii halikuwa "Linux inaweza?" Swali lilikuwa "nani anaaminiwa?" PunkBuster aliuliza: gemu lako limechezewa? Mlinzi wa leo anauliza: kompyuta yako ni ya nani? Kwenye Windows anaweza kujibiwa kwa saini za Microsoft na chipu za usalama. Kwenye Linux jibu ni "ni ya mwenyewe", na jibu hilo hilo, ambalo mimi naliona ni la heshima, ndilo linalomfanya mtu ashukiwe.

Njia nyingine zipo, ingawa si rahisi. Mwaka 2018 Valve walieleza jinsi walivyofundisha kompyuta zao kutazama mienendo ya wachezaji wa Counter-Strike na kutambua ulengaji usio wa kibinadamu. Hiyo ni namna ya kwanza niliyoitaja, ya kusahihisha kwa makini. Seva pia inaweza kukaa kimya kuhusu adui aliye nyuma ya ukuta mpaka awe karibu kuonekana. Mwizi hawezi kuona ambacho hakijatumwa. Najua mtaniambia Counter-Strike 2 bado ina wezi na wachezaji wanalalamika kila siku. Ni kweli. Ila hata magemu yenye walinzi wa kiini yana wezi. Hakuna mtihani duniani ambao haujawahi kuibiwa.

Kitu kimoja kimeshabadilika. Oktoba 2024 Valve walianza kuwalazimisha wenye magemu kuandika kwenye ukurasa wa duka kama gemu lao lina mlinzi wa kwenye kiini. Angalau unajua kabla ya kutoa hela. Kwa sisi wa hela za boom hilo ni jambo kubwa. Ushauri wangu: soma ukurasa huo hadi chini kabla hujanunua, na tafuta kwanza wenzako wa Linux wanasemaje kuhusu gemu hilo leo, sio mwaka jana, maana mlango uliokuwa wazi mwaka jana unaweza kuwa umefungwa.

Na kwa walimu wenzangu watarajiwa: sote tutasimamia mitihani. Mwizi wa mtihani tutamkamata, ni wajibu. Ila tusije tukaifikisha shule mahali ambapo mtoto anaitwa mwizi kwa sababu tu kalamu yake ni tofauti na za wenzake. Huyo hakuvunja kanuni yoyote. Ana kalamu yake tu.

Nawasilisha. Wenye kubisha karibuni kwenye maoni hapo chini, hasa nyie wa Windows, tena njooni na miaka na matukio, sio kelele. Wiki ijayo tukijaaliwa nitaandika kuhusu BTP. Mbaki salama.